Nusu mkate bila ufunguo wa ghala: Kenya, Zimbabwe, Burundi na Zanzibar, mseto upi una nafuu?

Jioni moja tumekaa kibarazani kwa Ami yangu, Ng'ambo ya Unguja, kahawa inazunguka, kijana mmoja wa chuo anatuchambulia serikali ya mseto inavyofanya kazi, wizara ngapi za huyu, ngapi za yule, nani anakuwa makamu, anaeleza vizuri kwelikweli. Ami kanyamaza muda wote. Akaweka kikombe chini akauliza, "Wizara nshazisikia mwanangu. Ufunguo wa ghala la silaha anakaa nao nani?" Kijana akacheka akidhani mzee anatania. Ami hakucheka, maana Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, alikuwa Pemba.

Toka siku ile mi nikisikia neno mseto naanza na ufunguo. Na neno lenyewe limerudi kwa nguvu, baada ya yale ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 huku Tanzania kila kijiwe ni maridhiano, kila mtu ana fomula yake mfukoni, wengine wanasema tufanye kama Kenya, wengine kama Zanzibar, na kuna wanaosema Burundi bila kujua Burundi walifanya nini hasa. Kwaiyo nimeziweka nne bega kwa bega: Kenya, Zimbabwe, Burundi na Zanzibar. Sipimi kwa idadi ya mawaziri. Naangalia nani alibaki na bunduki siku ya kwanza, mageuzi ya vikosi yaliandikwa wapi na yakaanza lini, na siku mkataba ulipotikisika askari walisimama upande gani. Hilo la mwisho ndio mtihani wenyewe, mengine ni maandalizi.

Kenya na Zimbabwe, mapacha wa 2008

Hizi mbili zitazame pamoja maana mimba yake ni moja. Uchaguzi umeharibika, rais aliyepo hatoki, mpinzani anapewa uwaziri mkuu na maisha yaendelee. Kenya ilianza kuwaka 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi Kivuitu alipotangaza matokeo na Kibaki akaapishwa jioni ileile Ikulu, mpaka moto unazimwa watu zaidi ya 1,100 wamekufa na laki kadhaa wamekimbia makwao. Zimbabwe mpinzani Tsvangirai alimzidi Rais Mugabe duru ya kwanza ya 29 Machi 2008, asilimia 47.9 kwa 43.2, halafu wafuasi wake wakapigwa na kuuawa mpaka akajitoa siku tano kabla ya duru ya pili. Kenya akaja Kofi Annan na Graça Machel na mzee wetu Mkapa, wakakesha pale hoteli ya Serena, saini ikawekwa 28 Februari 2008 Harambee House huku Kikwete akishuhudia kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Zimbabwe aliwapatanisha Thabo Mbeki, saini 15 Septemba 2008, lakini serikali yenyewe ikaja kuapishwa Februari 2009, yani miezi mitano ya kugombania nani akae wapi.

Na waligombania nini? Wizara ya mambo ya ndani, ile yenye polisi. Ulinzi ulikwenda kwa Mnangagwa, usalama wa taifa kwa Sydney Sekeramayi, wote ZANU-PF ya Mugabe, kwaiyo MDC ya Tsvangirai wakasema basi angalau tupeni polisi. Suluhisho likawa mawaziri wawili wizara moja, Kembo Mohadi wa ZANU-PF na Giles Mutsekwa wa MDC. Tunasema fahali wawili hawakai zizi moja, ila hapa shida haikuwa mafahali, ng'ombe wenyewe hawakuwa zizini! Kamishna wa polisi Augustine Chihuri alikuwa anajua bosi wake ni nani na bosi huyo hakuwa kati ya wale mawaziri wawili. Majenerali nao kabla hata ya kura za 2008 walishasema hadharani hawatampigia saluti Tsvangirai. Sasa mtu kama huyo unamletea waraka wa waziri wa pili aufanyie nini.

Kulikuwa na chombo kinaitwa JOC, wakuu wa jeshi, polisi, magereza na usalama wanakaa pamoja, ndio walioendesha ile kampeni ya mabavu ya 2008. Mkataba ukaleta Baraza la Usalama wa Taifa ambalo waziri mkuu naye ni mjumbe, lichukue nafasi. Sheria ikapita 2009. Baraza likawa linakutana kwa nadra na wale wakuu wakaendelea kukutana kivyao. Kingine watu wanakisahau ni hela. MDC walipewa wizara ya fedha, Tendai Biti, na kiukweli alifanya kazi, ile noti ya trilioni 100 ikabaki kuwa ya kuuzia watalii, wakahamia fedha za kigeni na bei zikatulia. Lakini almasi za Marange zilikuwa zinachimbwa na kampuni zenye mkono wa jeshi na Biti akalalamika mara kwa mara kwamba hela haifiki Hazina. Yani kashika mkoba wa serikali na wenye bunduki wana mkoba wao pembeni. Hapo hata ukipewa wizara kumi za ziada hujapewa kitu.

Kenya kwa siku ya kwanza haikuwa tofauti sana. Mawaziri 40, nusu kwa nusu, watu wakaita nusu mkate, lakini usalama wa ndani alikaa Saitoti na ulinzi Yusuf Haji, wote upande wa Kibaki. Raila, yule mpinzani aliyepewa uwaziri mkuu, akapewa kazi ya kuratibu na kusimamia mawaziri, maneno mazuri, mwaka mmoja baadae analalamika hadharani kuhusu zulia na choo kwenye ziara. Watu walimcheka sana. Mi nadhani alikuwa anatuonyesha kitu bila kukusudia: waziri mkuu ambaye watu wa itifaki wanaweza kumkatia zulia, mkuu wa polisi atamsikiliza wa nini?

Tofauti ya mapacha hawa ilikuja kwenye kitu kimoja ambacho Zimbabwe hakikuwepo kwa uzito ule. Kule Serena waliandika ajenda nne, tatu za kuzima moto na ya nne ni ya mambo ya muda mrefu, katiba, ardhi, ajira za vijana, na polisi wamo humo. Wakaunda tume ya Jaji Waki ambayo Oktoba 2008 iliandika bila kumumunya kwamba kati ya waliokufa, 405 walikufa kwa risasi, yani zaidi ya theluthi, na risasi kwa sehemu kubwa zilikuwa za polisi. Halafu Waki akatia majina kwenye bahasha akamkabidhi Annan, akasema msipounda mahakama yenu hii inakwenda Hague. Na ikaenda kweli, Julai 2009. Hiyo bahasha ilifanya kazi kuliko hotuba mia. Ikaja tume ya Jaji Ransley 2009 ya mageuzi ya polisi, na Agosti 2010 ikapita katiba mpya na mambo ya polisi yakaingizwa humo, sio kwenye sheria ya kawaida ambayo bunge linaifuta baada ya chakula cha mchana. Inspekta Jenerali mwenye muda maalum, tume ya kuajiri na kupandisha vyeo, na waziri akitaka kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera ayaandike. Hicho kifungu nakipenda sana, amri ya kuua watu huwa haiandikwi.

Ila angalia tarehe. Mkataba Februari 2008, Inspekta Jenerali wa kwanza, David Kimaiyo, aliingia Desemba 2012. Karibu miaka mitano. Mseto wote umeishi na kufa na polisi walewale wa zamani. Usaili wa maafisa kuwachuja ulianza mwisho wa 2013, mseto haupo tena, na sijui kama mnakumbuka jinsi trafiki walivyokuwa wanaulizwa mbele ya kamera, afande hizi hela za M-Pesa kila siku elfu mbili elfu tatu zinatoka wapi, jasho linamtoka mtu na kofia kaishika mkononi. Ilikuwa burudani na ilikuwa mageuzi kwa pamoja. Mwaka uliofuata, 2014, sheria ikabadilishwa rais akapata nguvu zaidi ya kumchagua Inspekta Jenerali. Halafu 25 Juni 2024 vijana wameingia bungeni, polisi wakapiga risasi za moto, na wiki chache baadae Rais Ruto akawaingiza watu wa chama cha Raila, akina Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi, kwenye baraza la mawaziri. Mseto mwingine, safari hii bila Annan, bila ajenda ya nne, bila bahasha. Wizara zilizogawiwa ni hazina, nishati, madini, ushirika. Ya polisi haikuguswa.

Kwaiyo Kenya imefeli? Hapana, na hapa ndio natofautiana na jamaa zangu wengi wanaosema yote ni maigizo. Kenya ukipigwa na polisi kuna mlango wa kugonga, IPOA, chombo huru cha kuwasimamia polisi, sio wa polisi wenyewe, na kuna maafisa wamefikishwa mahakamani na kufungwa kupitia mlango huo. Taratibu mno, kesi zinazeeka, lakini faili lipo na lina namba. Zimbabwe baada ya mseto wao kwisha 2013, wakuu ni walewale, na Novemba 2017 walewale wakatoa vifaru barabarani wakamtoa Mugabe mwenyewe, Jenerali Chiwenga akawa makamu wa rais. Tarehe 1 Agosti 2018 wanajeshi wakapiga risasi watu katikati ya Harare, sita wakafa. Ukiacha kambi kama ilivyo, siku moja kambi inakuja kuchukua hata kwa yule uliyemwachia.

Burundi, hawa walianza na kambi

Burundi sio uchaguzi uliovurugika, ni vita. Walimuua Rais Ndadaye Oktoba 1993, aliyemuua ni jeshi, na jeshi lilikuwa la Watutsi karibu lote kwenye vyeo. Watu kama laki tatu walikufa kwa miaka iliyofuata. Kwaiyo walipokaa Arusha, kwanza na Mwalimu mpaka alipofariki Oktoba 1999 kisha na Mandela, hakuna aliyeweza kujifanya kwamba swali ni wizara. Swali lilikuwa, mimi Mhutu nitalalaje nikiwa rais na jeshi ni lilelile lililomuua rais wangu, na mimi Mtutsi nitalalaje nikiwa wachache na jeshi sio langu tena. Mkataba wa 28 Agosti 2000 ukajibu: kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Nusu kwa nusu, ingawa Wahutu ni wengi mno nchini. Bungeni na serikalini baadae ikaja kuwa asilimia 60 kwa 40, lakini jeshini 50 kwa 50.

CNDD-FDD, waasi wa Kihutu, hawakuwepo Arusha, hao walikuwa msituni bado wanapigana. Walipoingia kwenye makubaliano ya Pretoria mwishoni mwa 2003 hesabu ikaandikwa wazi wazi: asilimia 40 ya maafisa wa jeshi watoke kwao, na asilimia 35 kwa upande wa polisi. Na kuna kifungu kwenye katiba ya 2005 ambacho ningependa kila mtu anayejadili mseto akijue: waziri wa ulinzi na waziri wa polisi wasiwe wa kabila moja. Hilo ndio jibu la Ami kabisa, ufunguo wa ghala moja anao huyu na wa ghala la pili anao yule. Linganisha na Zimbabwe, wao waliweka watu wawili kwenye ghala moja ambalo kitasa chake kilishabadilishwa.

Ilifanyikaje kwa vitendo ni hadithi ndefu, maana unamchukua mtu katoka msituni miaka kumi anaitwa jenerali na wenzake, hajawahi kukaa darasani, unamweka na kanali wa FAB, jeshi la zamani, aliyesomeshwa Ulaya, na juzi walikuwa wanatafutana waueane. Vyeo vikapangwa upya, maelfu wakapunguzwa wakapewa posho waende nyumbani, wengine wakahamishiwa polisi. Mwanzoni kulikuwa na majeshi ya Afrika Kusini ya kuwalinda wanasiasa waliorudi, halafu kikosi cha Umoja wa Afrika, halafu cha Umoja wa Mataifa, yani sio kwamba walikumbatiana tu wakamaliza. Na kilichowaunganisha kuliko semina zote, kwa maoni yangu, ni Somalia. Kuanzia Desemba 2007 wakapelekwa Mogadishu pamoja, handaki moja, adui mmoja, na posho ya maana ya kutuma nyumbani.

Sasa mtihani. Aprili 2015 Rais Nkurunziza wa CNDD-FDD anataka muhula wa tatu, watu wakaingia barabarani Bujumbura. Polisi wakapiga risasi. Jeshi likasimama katikati! Picha zile zipo, waandamanaji wanawapa wanajeshi maji, wanawakumbatia. Jeshi lilelile ambalo miaka ishirini nyuma mtaa ukiliona unakimbia. Tarehe 13 Mei Jenerali Niyombare akatangaza kupindua wakati Nkurunziza yuko Dar kwenye kikao, na Niyombare sio Mtutsi wa FAB, ni CNDD-FDD mwenyewe. Mapinduzi yakafeli, wakapigania redio ya taifa siku nzima, lakini waliogawanyika hawakugawanyika kwa kabila. Hiyo ndio asilimia 50 kwa 50 ilichonunua.

Na bei yake niliiona kwa macho mwezi uleule. Nilikuwa Kigoma kikazi, Liemba inaleta watu kutoka Kagunga, walikuwa wamejaa kwenye ule ufukwe mwembamba chini ya mlima maelfu kwa maelfu hakuna pa kutokea, wanashushwa wanapelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika wanalala kwenye nyasi. Jamaa mmoja pale, wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, Kiswahili kinatiririka kuliko changu, alikuwa na godoro la sponji kalikunja kalifunga kamba na juu yake kamkalisha mtoto. Nikamuuliza, mbona tunasikia jeshi lenu limetulia? Akasema, "Ndugu yangu, jeshi lilichanganywa. Polisi wakapewa chama. Na vijana wa chama hawakuchanganywa na mtu."

Hapo ndipo Burundi ilipovuja. Nguvu yote ya wafadhili na wapatanishi ilikwenda jeshini, polisi wakajaa wapiganaji wa zamani bila mafunzo ya maana, idara ya ujasusi ikabaki chini ya rais, na Imbonerakure, vijana wa chama, hawakuwa kwenye mkataba wowote. Agosti 2015 akauawa Jenerali Adolphe Nshimirimana, aliyewahi kuwa mkuu wa ujasusi, na wiki mbili baadae Kanali Bikomagu aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi la zamani, na maafisa wa FAB wakaanza kukimbia mmojammoja. Kwaiyo mtu akikwambia Burundi ni mfano muulize mfano wa nini. Wa jeshi, ndio, bora kuliko yote ninayoijua Afrika Mashariki. Wa polisi na ujasusi, hapana.

Na msidhani kuandika asilimia kunatosha. Sudan Kusini nao waliandika. Mwaka 2016 Machar alirudi Juba na askari wake, Rais Kiir yuko na wake, Julai wakapigana mpaka nje ya Ikulu. Wakaandika tena 2018, vikosi vya pamoja vya watu 83,000, wahitimu wa kwanza wakapatikana Agosti 2022, na Machi 2025 Machar kawekwa kizuizini nyumbani kwake. Makamu wa kwanza wa rais. Inatosha.

Zanzibar, ufunguo uko ng'ambo ya bahari

Hii naiandika kwa uchungu kidogo maana ni kwetu. Januari 2001 waandamanaji wa CUF, chama cha upinzani cha Maalim Seif, walipigwa risasi Pemba na Unguja, zaidi ya 30 wakafa, zaidi ya 2,000 wakavuka kwa ngalawa na mashua kwenda Shimoni, na ndio mara ya kwanza Tanzania inatoa wakimbizi. Kukawa na Muafaka wa pili Oktoba mwaka ule, wa kwanza ulishakufa. Watu walikuwa hawazikani wala hawaendi kwenye harusi za wenzao, duka la CUF na duka la CCM, mpaka madrasa. Halafu 5 Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu, wawili tu, bila Annan wala Mbeki, na kilichofuata kilikuwa kama muujiza. Kura ya maoni 31 Julai 2010 asilimia 66.4 wakasema ndio, katiba ya Zanzibar ikabadilishwa, uchaguzi wa Oktoba Shein wa CCM akapata 50.1 na Maalim 49.1, tofauti kiduchu kabisa, na hakuna aliyekufa. Nalia hata sasa nikikumbuka watu walivyosalimiana Darajani siku ile.

Kwa utamu Zanzibar inawashinda wote watatu. Ni ya kudumu, imo ndani ya katiba, haina mwisho wa miaka mitano kama Kenya. Ilizaliwa nyumbani. Wananchi waliipigia kura, Wakenya hawakuulizwa, Wazimbabwe hawakuulizwa.

Lakini tafuta neno polisi kwenye mapatano yale. Hulioni, na sio kwamba walisahau. Polisi ni jambo la Muungano, jeshi ni la Muungano, usalama wa taifa ni wa Muungano, kwaiyo Karume na Seif hata wangetaka kugawana ufunguo hawakuwa nao. Kilichobaki mikononi mwa SMZ, serikali ya Zanzibar, ni vikosi vya Idara Maalum, JKU, KMKM, Valantia, Mafunzo, Zimamoto, na hivyo vikabaki chini ya Ofisi ya Rais. Makamu wa Kwanza wa Rais alikuwa na ofisi, msafara na king'ora, na hakuwa na sauti juu ya kikosi hata kimoja. Miaka mitano hakuna aliyeona tatizo maana kulikuwa shwari.

Oktoba 2015 kura zinahesabiwa Bwawani, askari wakaizunguka hoteli. Tarehe 28 Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akatokea kwenye televisheni peke yake akafuta uchaguzi mzima. Mi nilikuwa Darajani, nakumbuka mwenye duka la vitambaa aliyekuwa anapimia mama mmoja mita tatu za dera, redio ikatoa taarifa, akaacha mkasi juu ya kitambaa hajamaliza kukata akaanza kushusha mlango. Mama wa watu akabaki nje na hela yake mkononi. Miezi iliyofuata usiku ni mazombi, watu wamejifunika nyuso kwenye magari yasiyo na namba, wanapiga watu, wanavunja, na ukienda polisi unaambiwa hatuwajui. Makamu wa Kwanza aliyekuwepo madarakani kikatiba hakuweza kuagiza hata gari moja lisimamishwe! Uchaguzi ukarudiwa Machi 2016, CUF wakasusa, mseto ukafa kimya kimya. Ukafufuliwa Desemba 2020 baada ya watu wengine kuuawa Pemba wakati wa uchaguzi, Maalim akakubali kuingia tena, akafariki Februari 2021, akaja Othman Masoud. Wizara zikagawanywa upya. Vikosi vikabaki palepale.

Sasa ukiambiwa uchague

Mi chaguo langu linategemea mgogoro wako ni wa namna gani, na watu wengi wanakosea hapo, wanachagua nchi wanayoipenda.

Kama kuna majeshi mawili, yani pande zote zina bunduki, usipoteze muda na Kenya. Chukua Burundi, asilimia kwa asilimia mpaka kwenye vyeo, wizara mbili za silaha kwa watu wawili tofauti, askari wa nje wa kusimamia miaka ya mwanzo, lakini uchukue na somo la yule jamaa wa Buyenzi, polisi, ujasusi na vijana wa chama waandikwe siku ileile na jeshi. Ukiwaacha wa baadae ndio hao watakaokukimbiza na godoro.

Kama jeshi ni moja na polisi ni wamoja na wanapiga upande mmoja, hiyo ni Kenya, na ndio hali ya nchi nyingi zetu. Asilimia za kabila au chama ndani ya polisi hapo sizipendi, utazaa polisi wa CCM na polisi wa upinzani, balaa. Unachotaka ni tume huru ya kuchunguza, majina ndani ya bahasha kwa mtu wa nje ambaye pande zote zinamuogopa, chombo cha malalamiko kisicho cha polisi, na yote yaingie kwenye katiba. Ila sio kwa ratiba ya Kenya. Kubali wizara chache, hata tatu, lakini mkuu wa polisi mpya aingie ndani ya mwaka wa kwanza, mseto ungali hai na wapatanishi bado wanapokea simu. Ukisubiri miaka mitano unamwachia mwenzako aliyeshinda uchaguzi unaofuata akutekelezee mageuzi anavyotaka yeye.

Ya Zimbabwe, mawaziri wawili wizara moja, usikubali hata ukipewa na gari. Bora ukose kabisa wizara ya polisi ujue huna, kuliko kuwa na nusu yake na lawama nzima. Wananchi wakipigwa watakuuliza wewe pia. Na popote pale uliza hela ya vikosi inapita wapi, kama kuna mgodi au kampuni au bandari inalisha kambi bila kupita Hazina basi wizara ya fedha uliyopewa ni ya kulipa walimu.

Zanzibar ndio ngumu. Moyo wangu unaichagua na akili inakataa. Namna ya kuponya watu mitaani sijaona iliyoishinda ile ya 2010, hakuna mpatanishi wa kigeni angeweza kuwafanya watu wa Pemba na Unguja wazikane tena. Lakini mapatano ya visiwani yasiyo na mtu wa Dodoma mezani hayafiki kwenye ghala. Awamu nyingine yoyote, la kwanza kudai ni Idara Maalum zitoke Ofisi ya Rais ziwe chini ya chombo ambacho Makamu wa Kwanza naye anakaa, hilo linawezekana ndani ya katiba ya Zanzibar yenyewe bila kuomba ruhusa kwa mtu. La pili ni kamishna wa polisi Zanzibar, na hilo linabidi ligombewe kwenye katiba ya Muungano, sio kwa kushikana mikono Ikulu.

Nilimsomea Ami haya yote juzi, kibaraza kilekile. Kwenye kile kifungu cha Burundi cha mawaziri wawili wa makabila mawili akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hao ndio walikuwa wanaogopana kwelikweli," akamsukumia kijana birika.